Kadi ya Gari Ina Jina Langu

Jumatatu, 4 Machi
Gari limetoka bandarini! Vumbi tele, lakini ni letu. Miaka minne ubalozini, hatimaye tumerudi na kitu cha kuonekana. Meli imemeza akiba yote, na mkopo wa baba mkwe juu yake. Si kitu — mtumishi akirudishwa nyumbani, serikali humrudishia gharama za kusafirisha gari lake. Mume wangu keshaanza kutembea kifua mbele.

Jumanne, 5 Machi
Karudi kutoka wizarani amenywea. Mhasibu kasema linalolipiwa ni gari la mtumishi, na kadi ya hili ina jina la mke. Aeleze kwa barua, kwa nini.
Kwa nini? Kule husajiliwi gari bila leseni, na bwana huyu alifeli mtihani wa udereva mara tatu! Ya mwisho, mkaguzi alishuka kabla gari halijasimama. Nikapata leseni mimi, nikawa namshusha kazini kila asubuhi. Halafu jioni anampigia baba yake simu — leo foleni ilikuwa mbaya, baba, lakini nimeimudu. Baba yake, dereva wa malori maisha yake yote! Mimi pembeni, mto mdomoni, nacheka.

Alhamisi, 7 Machi
Barua ya kwanza: "sababu za kiutawala." Imerudishwa. Ya pili: "mapenzi kwa mke wangu." Mhasibu kacheka mpaka kavua miwani. Imerudishwa pia.
Nikamwambia, mwenzangu, andika ukweli. Hataki. Mhasibu ni jirani wa baba yake, mzee atajua kabla ya magharibi. Afadhali pesa zipotee! Hapo nilikasirika kweli. Deni la mzee tutalilipa kwa aibu zake?

Jumamosi, 9 Machi
Baba mkwe kaja kuliona gari. Kalizunguka, kapiga teke matairi, kaketi mbele upande wa abiria, kafunga mkanda. Haya mwanangu, nitembeze!
Mume wangu akaniangalia. Nikasema naenda kutafuta funguo. Ninazo mfukoni. Niko jikoni, naandika huku nachungulia dirishani. Leo sicheki, namwonea huruma.
Amesimama kwenye mlango wa dereva. Anajikuna kisogo. Sasa kainama, anasema kitu — kirefu. Mzee katazama mbele tu.
Kafungua mlango wa nyuma. Kaketi!
Mzee kanyoosha mkono kwenye usukani.
Honi. Tena honi! Mzee anaita — ananiita mimi.