Sufuria ya Mama Furaha

Jumamosi, mwisho wa Februari. Theluji ya juzi imegeuka tope la kijivu, na upepo wa Rexdale, mtaa wetu huku ughaibuni, leo haukuwa na adabu hata kidogo. Nimevua buti, nikaketi kitandani na koti langu. Nina aibu. Naandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia.

Mnaosoma blogu hii mnajua nasomea kazi ya polisi chuoni. Majirani zangu kwenye ghorofa hawajui. Kwetu Nakuru ukisema unataka kuwa karao, watu wanacheka, kisha wanakuuliza kama ulifeli mtihani. Huku sikuogopa kuchekwa. Nilimwogopa Mama Furaha.

Mama Furaha anakaa mlango unaotazamana na wangu. Ametoka Kivu, Kongo, akaishi kambini miaka mingi kabla ya kufika hapa. Siku niliyohamia, nikiwa sina hata kijiko, aliniletea ugali na sombe, kisamvu cha kwao, akasema mtoto wa mtu hawezi kulala njaa na yeye yupo. Tangu hapo bakuli lake linavuka korido kila wiki.

Ndiye aliyenisimulia kuhusu barieri, vile vizuizi ambavyo wanajeshi waliweka barabarani kwao. Unainamisha macho, unamwita kila mwenye sare "shefu," yaani mkubwa, unafungua mzigo wako. Wakikuta chakula, wanakila mbele ya watoto wako. Nilimsikiliza nikilia, kisha nikarudi chumbani kupiga pasi shati la sare.

Nilijiambia kwamba mimi nitakuwa polisi wa aina nyingine.

Leo darasa letu lilijitolea kulinda mlango kwenye sherehe ya jamii, katika ukumbi mmoja huku Etobicoke. Kila mfuko ufunguliwe, chakula cha nje kisiingie. Mwalimu wetu, polisi mstaafu, alisimama nyuma yangu akitupatia alama. Wiki iliyopita aliniambia sauti yangu ni laini mno, kwamba naomba badala ya kuamuru. Kwa hiyo leo nilikuja nimejiandaa kuamuru.

Kisha nikaiona kwaya ya kina mama ikishuka kwenye basi, na Mama Furaha katikati yao, amebeba sufuria iliyofungwa kwa kitenge. Nani angetegemea aende kwenye sherehe mikono mitupu? Angefanya hivyo, hata mimi ningemshangaa.

Ningeweza kusema, "Mama, ni mimi." Badala yake nilivuta kofia chini, nikamwambia kwa Kiingereza aweke sufuria mezani na aifungue.

Aliinamisha macho. Akalegeza fundo la kitenge taratibu, akafunua kifuniko, na mvuke wa sombe ukanipiga usoni, harufu ninayoijua kuliko ya jikoni kwangu. Halafu akaisukuma sufuria kuelekea kwangu kwa mikono miwili.

"Kamata, shefu," alisema. "Kula tu. Utuache tupite."

Nilielewa kila neno. Nikasimama pale kama mtu asiyejua lugha, nikasema kwa Kiingereza kwamba sufuria itabaki mlangoni mpaka mwisho, nikamwonyesha kwa mkono apite. Mwalimu alinigusa bega, akasema safari hii sauti yangu ilikuwa nzuri sana.

Nilifurahi. Kwa muda mfupi tu, lakini nilifurahi, na hilo ndilo linalonichoma.

Naweza kujitetea kwamba kazi ni kazi, na sheria ya mlango sikuitunga mimi. Kweli. Lakini hakuna sheria iliyonikataza kumjibu mama kwa lugha yake. Hilo nililichagua mwenyewe, ili wenzangu wasijue kwamba yule mama na sufuria yake ni watu wangu, na yeye asijue kwamba mimi ndiye mwenye sare. Nikapanda basi la Kipling kurudi nyumbani nikiwa na alama nzuri.

Jioni mlango ukagongwa. Alikuwa yeye, na bakuli lake kama kawaida, kitenge kile kile begani. Mimi nilikuwa bado na suruali ya sare, na buti zangu zilikuwa pale mlangoni, zimelowa. Alizitazama, kisha akanitazama mimi. Hakukunja uso.

"Sauti yako miye naijua, mutoto yangu, hata kwa Kizungu," alisema. "Kamata, ule. Hapa haiko barieri."

Akanipa bakuli, akarudi kwake.

Tangu aondoke najiuliza: alinijua kabla ya kuniita shefu, au baada? Kama ni baada, nilimtisha. Kama ni kabla, basi aliniita jina nililostahili.

Sombe nimeila yote, maana kuiacha kungekuwa tusi la pili. Kwetu na kwao chombo cha jirani hakirudi kitupu. Kesho nitaamka nipike chapati, nizijaze kwenye bakuli, nivuke korido nimevaa sare yangu yote, kofia mkononi. Nitaomba msamaha kwa Kiswahili, mlango ukiwa wazi, ghorofa nzima isikie ikitaka.

Na akiniita shefu tena, nitaitika?