Ngamia Hakuandikwa

Jumanne, mtaani Waberi. Joto limeingia kabla ya chai, na roho yangu haijatulia.

Naandika mwenyewe kwa simu. Mjukuu wangu Hodan, anayesomea uhandisi, anasema atanirekebishia maneno. Asiguse.

Ni huyo huyo Hodan aliyenitia wasiwasi. Amechora mnara wa chuma wa kubeba tangi la maji pale kisimani kwetu, nje ya mji. Chini ya tangi ndipo wajukuu wangu wadogo watakapokaa kujaza mitungi. Fundi wa kuchomelea anangoja neno langu. Nikisema ndiyo, kesho anaanza.

Wiki nzima msichana anajifunza programu ya kompyuta inayopima mnara kabla haujajengwa. Leo nikamwambia, nionyeshe. Nilidhani nitaona mnara. Nikaona namba na koma, ukurasa mzima. Anasema lazima uiandikie kila kitu: viungo viko wapi, chuma kipi kinashika kiungo kipi, ni chuma cha aina gani, miguu imefungwa wapi, uzito gani unakaa juu. Halafu yenyewe inakata mnara vipande vidogo vidogo na kuhesabu kila kipande kinaumia vipi.

Koma moja ikikosekana, inakataa kazi yote. Jana imemkataa mara nne mpaka akalia.

Leo ikakubali. Mnara ukatokea, wa buluu wote. Buluu ni salama, nyekundu ni hatari.

"Ayeeyo, bibi yangu, umeona? Unasimama!"

"Nisomee ulichoiandikia."

Akasoma: maji tangi likijaa, uzito wa chuma chenyewe, upepo. Basi.

"Na ngamia?"

"Ngamia gani, Ayeeyo?"

"Naa msichana, wewe umezaliwa Ulaya? Ngamia akishakunywa, anajikuna wapi?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Ngamia dume akiegemea mti, mti unalia. Pale kisimani mti hakuna. Kutakuwa na miguu minne ya chuma tu.

Akaongeza mstari mmoja: msukumo wa ubavuni, kimo cha bega la ngamia. Mguu mmoja ukawa mwekundu toka chini mpaka katikati.

Hodan akawaita wote waje waone.

Sasa nyumba nzima inanisifu. Sitaki. Kitu gani hiki kinachosusa kwa koma, lakini ngamia mzima akikosekana kinanyamaza? Hakikudanganya, wallahi. Kiliamini kilichoambiwa, na hilo ndilo linalonitisha.

Na niseme ukweli, maana hapa hakuna wa kunicheka. Asubuhi nilitaka kusema ndiyo bila kuuliza, fundi asinione mjinga.

Nimempigia simu, asiwashe mashine yake. Amenuna. Anune mpaka ashibe.

Hodan anaongeza vyuma vya mshazari, anasema buluu itarudi. Irudi, lakini kesho hatujengi. Kesho nampeleka kisimani, tukae kutwa tuangalie kila kinachopita pale.

Ngamia nimemkumbuka mimi. Nilichosahau mimi, nani atakiandika?