Sokomutu wa Komanda

Mujukuu wangu Neema,

Siye huku Bunia tuko wazima. Dada yako amefaulu mitihani ya diplome. Tulimumwangia poda ya shangwe, kama desturi yetu, mpaka shingoni!

Umeuliza kama ni kweli nilinyanganya waasi sokomutu. Ni kweli kabisa.

Wakati wa vita nilikuwa napika chakula kando ya barabara, huko mji wa Komanda. Siku moja waasi walileta mutoto wa sokomutu, amefungwa kamba kiunoni. Mama yake walikuwa wamemuua na kumula. Huyu walitaka kumuuzisha. Ndivyo ukoo wa sokomutu ulikuwa unaisha porini: wakubwa kwa sufuria, wadogo kwa kamba. Yule mutoto alikamata kidole changu, akakatala kukiachilia.

Nikaona anahara. Nikaita mukubwa wao.

"Afande, waliokula mama yake wako wazima? Huyu anahara, na magonjwa ya nyama wa pori inarukia watu."

Akarudi nyuma. "Mama, muondoe hapa! Sasa hivi!"

Nikamufunga mugongoni na kitenge, nikapita mbele ya bunduki zao zote. Niliimba njia yote. Nilimufikisha Bunia kwa daktari anayetunza nyama wa pori, naye akamutuma penye wanalea yatima wa pori.

Juma hili yule daktari, sasa muzee kama mimi, aliniletea picha ya yule sokomutu. Iko mama mukubwa, amepakata yatima mupya kifuani. Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakakimbia kuuliza nani anaolewa.

Koko wako anayekupenda,
Mama Anualite