Pacha Aliyepotea Kwenye Mchoro

Mwalimu Kioko,

Tangu tukuzike kule Kilungu kuna jambo limenikaa rohoni. Nilikushuku. Ndiyo, wewe, marehemu.

Unakumbuka programu ya kompyuta ya kadi za chanjo tuliyoianzishia zahanati ya Kikima. Wewe ulichora masanduku na mistari kwenye karatasi, mama hapa, mtoto pale. Mimi nikauingiza mchoro kwenye kompyuta, nayo ikatunga programu yenyewe. Siku mbili tu, ya majaribio ikawa tayari! Nilishangilia. Wewe ulikuwa unakula mahindi baridi ya muthokoi, ukasema, "Mwende, kitu kikija haraka hivi, kikague mara mbili."

Ulipokwisha kuzikwa, mama mmoja alileta pacha wake, Mumo na Mutheu. Mumo akadungwa. Zamu ya Mutheu, skrini ikasema amekwisha kuchanjwa.

"Huyu sijamgusa!" nesi Ndinda akalia.

Wakubwa wa zahanati wakaamini skrini. Mutheu akarudishwa nyumbani hivyo hivyo, na Ndinda akaanza kuitwa mzembe.

Hata mimi nilimshuku. Nilikaa nyuma yake siku nzima nikimtazama akiandika. Hakukosea hata jina moja. Ndipo nikakugeukia wewe. Nikawaza, pengine mzee aliacha kitu humo kwenye programu makusudi, ili tusiweze kuendelea bila yeye. Niliwaza hivyo, Mwalimu, na udongo wa kaburi lako haujakauka.

Nikamwendea mkeo, nikaomba makaratasi yako. Alinipa bila kuniuliza, akanipa na chai.

Uliandika wazi: mama mmoja, watoto wengi, kila mtoto na kadi yake. Kwenye kompyuta ilikuwa mama mmoja, tarehe moja ya kuzaliwa, kadi moja; basi pacha wakahesabiwa mtoto mmoja. Aliyefupisha ni mimi. Wageni walikuwa wanakuja kuona kazi, nikataka cha kuwaonyesha. Sikukuambia. Niliiacha chai, nikarudi zahanati.

Ndinda nimemwomba msamaha mbele ya wakubwa wote. Kisha tulipanda mlima pamoja hadi kwa yule mama. Mutheu amedungwa. Alilia sana, na mimi pia.

Nisamehe, Mwalimu. Pumzika. Jumatatu tunaanza upya, na nakuahidi kompyuta haitawashwa mpaka mchoro utandazwe mezani na Ndinda aukosoe mstari kwa mstari. Kalamu nyekundu nimeshampa.

Mwanafunzi wako,
Mwende