Eti Ni Urembo

Jumanne, usiku

Urembo! Neno hilo bado linaniuma. Karani wa bima alilisema mbele ya foleni nzima: "Mama, kuondoa ngozi iliyolegea ni urembo. Hatulipii."

Nilimwomba mwenzake, dada mmoja, tuingie chumba cha pembeni. Nikapandisha blauzi, nikainua ngozi ya tumbo inayoning'inia tangu nipungue mwili, nikamwonyesha vidonda vilivyo chini yake.

Akaichukua fomu yangu ya hospitali, akaisoma tena. "Pole sana, mama. Mbona kwenye fomu hawajaandika vidonda?"

Akanisaidia kuandika rufaa palepale. Jibu ni Ijumaa. Wakikataa tena, sijui...

Nilipofika nyumbani Lemara, Baba Neema aliuliza wamesemaje. Nikamwambia tusubiri. Ni mume wangu, lakini vidonda hivi hajawahi kuviona.