Sharti la Kisima

Lisekese, Masasi
9 Juni 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Sisi wazima, Mabel ameota meno mawili na anamng'ata kila anayembeba.

Mama, nyumba imepatikana, jirani kabisa na kwetu, bomba liko uani. Mwenyewe, Mzee Alfredi, anahama na hangoji msimu wa korosho. Ushirika wetu wa akiba unakopesha kwa muda mfupi: tunanunua hii sasa, ukiuza ya Makote tunalipa yote. Mwisho ni Novemba. Tukishindwa, wanaiuza ya huku na hasara inabaki kwetu. Lakini nyumba yako ya bati yenye kisima cha maji ya mvua, nani ataikataa? Sema ndiyo tu, nisaini.

Mwanao,
Cyril

Makote, Newala
16 Juni

Baba Mabel,

Marahaba. Goti lipo, linalalamika kuliko mimi. Naandika maana kwenye simu hunipi nafasi. Saini. Nimechoka kumwona mjukuu kwenye picha. Ila nyumba nitaiuza mwenyewe. Nyie vijana mnapunguza bei haraka.

Mama yako,
Veridiana

Lisekese
20 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Wenzangu hawajambo, mimi usingizi umenikimbia. Nasikia kila mnunuzi anayekuja anaondoka. Yule wa Newala mjini kanipigia: eti umempa sharti kwamba kiangazi majirani waendelee kuteka kisimani bure! Mama, nani anunue nyumba yenye foleni ya ndoo uani? Liondoe, nakuomba. Naogopa, sikufichi.

Mwanao,
Cyril

Makote
27 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba, na pole. Kisima kile hakukichimba marehemu baba yako peke yake. Jirani yetu Bimdogo na wenzake walibeba udongo kichwani, mimi nikiwa na mimba yako nikiwapikia ugali wa muhogo. Hatukuwa na cha kuwalipa, tukawaambia maji ni ya wote. Leo nimuuzie mtu na ahadi yangu? Siwezi.

Nami naogopa, usidhani. Jana Bimdogo kanikuta nalia, nikamweleza habari yote ya mkopo. Kajitwisha ndoo, kaondoka. Nilimkasirikia kidogo.

Mama yako

Makote
24 Novemba

Baba Mabel,

Hamjambo huko? Mimi mzima kupita kiasi. Nimeuza!

Kumbe Bimdogo alikwenda moja kwa moja kwenye kikundi chao cha akina mama. Walingoja malipo ya korosho, wakachanga, na jana tumeandikishana mbele ya mwenyekiti. Wanataka kufungua shule ya chekechea, na kisima kibaki kama kilivyo. Bei ni ileile niliyoitaka, ingawa Bimdogo kabishana nami hadi jasho limenitoka. Yaani huruma yote iliishia mlangoni.

Nao wamenipa sharti lao: chumba changu kisipangishwe, ili nikija kutembea niwe na pa kulala. Nimelia tena, safari hii mbele za watu, wala sijali.

Fedha zimeshaingia kwako. Kalipe mkopo, kisha ulale. Jumamosi njoo na gari la mizigo, na Mabel umlete. Nakuja na ndoo moja ya maji ya kisima; chai ya kwanza Lisekese nitaipika nayo. Bomba lako lisubiri.

Mimi,
Bibi yake Mabel