Programu Isiyouliza Sababu

Nyumbani, chumba cha uani,
Jumapili mchana.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. U mzima huko? Kikohozi kimekuachia? Sisi wazima, ila goti linamsumbua Bibi akipanda ngazi, na Baba amenyoa ndevu zote hata mtoto wa jirani akamkimbia. Bibi ameniagiza nikuulize tena utakuja lini. Hilo nitalifikia mwishoni.

Kwanza kazi, maana imenichosha na sina mwingine wa kumweleza. Ile ofisi inayotuma ujumbe wa kuwakumbusha wagonjwa wa meno siku zao za kumwona daktari ilinichukua kwa majaribio, na Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya kuambiwa nabaki au naondoka. Nilipewa kuandika programu ya kurudia kutuma pale ujumbe unapokwama. Nikaiandika kwa lugha uliyonifundisha, ile ambayo funksheni, kile kipande cha programu chenye kazi moja, ukiipa kitu kilekile inakurudishia jibu lilelile, leo na kesho.

Hapo ndipo nilipoharibu. Badala ya kurudia kutuma tu, nilirudia mlolongo mzima, pamoja na funksheni inayokagua namba ya simu. Mtandao ukikatika, kurudia kunasaidia, huenda baadaye kidogo ukarudi. Lakini namba iliyopungukiwa tarakimu haiponi kwa kukaguliwa tena. Mgonjwa mmoja aliandika namba pungufu, programu ikaing'ang'ania, na wote waliokuwa nyuma yake kwenye foleni hawakupata ujumbe. Daktari wa meno akakaa na kiti kitupu asubuhi nzima. Kibaya zaidi, funksheni ya kukagua ilikuwa inarudisha kosa pamoja na sababu yake, mimi sababu nikaitupa na kubakiza neno moja tu, "imeshindikana".

Nilipogundua nilienda kwa msimamizi wetu, tunayemwita Chapuchapu kwa sababu hajawahi kusikiliza sentensi mpaka mwisho.

"Samahani bosi, ile namba..."

"Ongeza majaribio ya kutuma."

"Sawa, bosi."

Mchana nikarudi na maneno yaleyale, kwa sauti ileile ndogo. Nikapata jibu lilelile. Kesho yake hivyohivyo, mpaka dada wa mapokezi akaniambia, "Mdogo wangu, huo mlango utautoboa." Nilijikasirikia kuliko nilivyomkasirikia yeye.

Basi nikaacha kuongea, nikairekebisha. Sasa namba inakaguliwa mara moja tu. Ikiwa mbovu inawekwa pembeni pamoja na sababu yake, na kinachorudiwa ni kutuma peke yake. Foleni ikafunguka. Chapuchapu akaja akasoma kwenye skrini kwamba namba ina tarakimu pungufu, akanigeukia.

"Sasa mbona hukusema?"

Shangazi, nilitamani kuitafuna kibodi.

Ijumaa akaniita. "Tutakujaribu tena mwezi mwingine," akasema, huku ameshashika simu yake. Mdomo wangu ulikuwa tayari unasema sawa, bosi. Sijui nguvu ilitoka wapi, nikamwuliza kwa nini.

Akaiweka simu chini. "Kazi unaijua. Sauti ndiyo haisikiki. Mteja akipiga, atakata."

Imeniuma, na hadi sasa nimenuna. Mwezi mzima mwingine. Lakini angalau ninajua cha kubadilisha, kwa hiyo tangu jana nasoma gazeti kwa sauti hapa uani. Bibi anasema namharibia usingizi wake wa mchana, na Mama anasema bado hanisikii.

Sasa lile la Bibi. Kila barua tunakuuliza utakuja lini, nawe kila barua unajibu mwakani. Leo siulizi lini. Niambie kinachokuzuia, hata kama ni kizito. Barua zako huwa namsomea Bibi, lakini hiyo sitaisoma kwa sauti.

Baba, Mama na Bibi wanakusalimu sana. Nisalimie na yule rafiki yako mnayeishi naye. Mungu akulinde, akupe na watu wa kukusikiliza huko uliko.

Ni mimi, binti wa kaka yako,
akupendaye, hata kwa sauti ndogo.